Mwalimu Asiyetimiza Mwaka

Mwalimu hakununua mchele wa gunia hata siku moja. Tukienda naye Fairfield sokoni, mimi na Baba Zuhura tunapakia gunia zima kwenye buti ya gari, na yeye anakuja nyuma yetu na kipakiti amekishika kwa vidole viwili, ungedhani ananunulia kuku. Nikimcheka ananijibu, "Shemeji, unajua wewe mwezi ujao nitakuwa wapi?" Namwambia utakuwa uani kwangu, utakwenda wapi na corona imefunga dunia nzima? Hapo anatazama pembeni na kubadilisha maneno. Mimi sina subira na watu wa namna hiyo, nilikuwa nachukia wallahi.

Alikaa katika kile kijumba cha nyuma ya nyumba yetu hapa Doonside, magharibi ya Sydney, karibu miaka yote ile ya corona. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata yule bibi wa Kizungu wa nyumba ya kona. Ukoo wake siujui na sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba alipata pasipoti ya Australia kabla yetu sisi, na kwa pasipoti hiyo akaenda Korea kufundisha Kiingereza, maana kule kwa kazi ile hawakutazami umesoma nini tu, wanatazama na pasipoti yako imetoka nchi gani. Akawa mtu wa kwenda na kurudi miaka mingi. Mara ya mwisho alirudi na sanduku moja, mipaka ikiwa karibu kufungwa. Baba Zuhura, aliyejuana naye tangu ujana, akanifuata jikoni akaninong'oneza, "Mama Zuhura, atakaa kidogo tu." Kidogo!

Lakini sitamsengenya. Alikuwa mpangaji ambaye hukumsikia. Viatu anavua mlangoni hata kama anaingia kuchukua chumvi. Ukimpa kitu anakipokea kwa mikono miwili na kuinama. Alikuwa akiinama hata kwenye simu; mkurugenzi wa kituo alichokuja kufundisha hapa akimpigia, Mwalimu anasimama wima uani, anainama peke yake mbele ya kamba ya nguo, "yes, yes, of course," na Zuhura binti yangu yuko dirishani anakufa kwa kicheko. Kwenye friji yangu aliweka kopo la kabichi yake ya Kikorea, ile yenye pilipili na kitunguu saumu, ikanuka hadi kwenye maziwa. Nikamwambia hii itoke. Siku moja akanionjesha na pilau, nikanyamaza, na kopo likabaki.

Na wino mwekundu hakuutumia. Zuhura alikuwa akimpelekea insha zake za chuo kikuu azisahihishe, naye anasahihisha kwa kijani. Kule Korea, alisema, jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu, ni kama kumwombea mabaya. "Sasa hapa si Korea," nikamwambia. Akasema, "Mkono umeshazoea, shemeji." Mengi mkono wake ulikuwa umeyazoea.

Sasa niwaeleze hizo shule za Korea, maana bila hizo hamtamwelewa. Si shule hasa. Ni vituo vya tuisheni. Watoto wakitoka shule jioni wanapelekwa huko, wazazi wanalipa, na mwalimu mgeni anawekwa mbele kama bango la biashara. Mkataba ni wa mwaka. Nyumba ya kukaa wanakupa wao. Kibali cha kukaa nchini kimefungamana na kazi yao. Na sheria ya kule inasema mwalimu akitimiza mwaka, siku ya kuondoka anapewa kiinua mgongo, mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka aliofanya. Basi wako wenye vituo, si wote, ambao mwalimu akiingia mwezi wa kumi na moja wanaanza kumwona ana kasoro. Simaanishi Novemba. Namaanisha mwezi wa kumi na moja wa kazi yake. Ghafla hafundishi vizuri, ghafla wazazi wamelalamika, ghafla mtaala umebadilika. Kibarua kinaota nyasi hapo hapo, na kiinua mgongo hakuna, kwa sababu mwaka haukutimia.

Yeye yalimkuta zaidi ya mara moja. Iko moja alipenda kuisimulia, na akiisimulia anacheka mwenyewe, kicheko ambacho mimi nilikuwa sikipendi. Mkurugenzi alimpeleka kula nyama, ile inayochomwa pale pale mezani. Akaagiza soda, kwa heshima, kwa kuwa alijua Mwalimu hanywi. Akasimama mbele ya walimu wote akamsifu. Akamuuliza habari za mama yake, hajambo? Mke wa mkurugenzi akampa zawadi ya soksi, zimefungwa vizuri kwenye boksi. Mwalimu akarudi nyumbani roho kwatu. Kesho yake asubuhi akaambiwa kituo kinabadilisha mpango, asante kwa yote, nyumba tunaomba mpaka mwisho wa wiki.

"Na soksi?" nikamuuliza.

"Nilizivaa uwanja wa ndege. Kulikuwa na baridi."

Nikamuuliza, sasa mwanamume mzima, ulirudi tena kufanya nini? Akasema alidhani mbaya ni yule mmoja. Akarudi, akampata mwingine mzuri kweli kweli, mama mmoja aliyemweka miaka na siku ya kuondoka akamlipa kila kitu chake bila kudaiwa. "Huko basi ulitulia," nikasema. Akatikisa kichwa. Huko ndiko alikolala vibaya kuliko kote, kwa sababu kila mwaka alikuwa anangoja. Aliyefuata akamwachisha mwezi ule ule wa kumi na moja, na safari hii kisingizio kilikuwa corona, ambacho hata ungetaka kukikataa usingeweza.

Kwa hiyo alirudi Sydney na elimu yake ya dalili. Mkurugenzi akikusifu mbele ya watu, dalili. Akikuuliza habari za mzazi wako, dalili. Akija mwalimu mpya kuketi nyuma ya darasa "kuangalia tu", anza kukunja nguo. Sisi tukimwambia hapa ni Australia, bwana, hapa kuna sheria, anatuambia hata kule kulikuwa na sheria, tena nzuri. Wenye vituo walikuwa wameisoma kuliko walimu.

Na hapo ndipo ulipo mkanganyiko wa mtu huyu. Kwa ajili ya wenzake alikuwa simba. Jirani yetu wa pili, Mama Kelia, Mrundi aliyepitia kambi za Tanzania, alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Corona ilipopamba moto wakampunguzia shifti bila kumwambia kitu, na yeye akawa analia tu, "Bosi ameishaamua, nitafanya je?" Mwalimu akamleta jikoni kwangu. Akamkalisha, yeye akakaa upande wa pili, akajifanya bosi. "Ndiyo, unasemaje?" Mama Kelia anasema kwa sauti ya chini, tena na Kifaransa ndani yake, Mwalimu anamkatiza, anatazama saa, anajibu simu ambayo haipo. "Sema tena. Sikukusikia. Una dakika moja." Alimwigiza yule bosi hadi nikamchukia. Alirudia na yule mama siku baada ya siku, kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza, mpaka siku moja Mama Kelia akapiga kofi meza yangu akasema, "Mimi sitoki hapa mpaka unijibu!" Mwalimu akamnyooshea dole gumba. Mama Kelia akaenda kazini akayasema yale yale, na shifti zake zikarudi. Mpaka leo ukimgusia Mwalimu anasema Mungu ambariki.

Ila yeye mwenyewe kwa bosi wake, yes, yes, of course, na kuinama.

Kituo alichokipata hapa kilikuwa Parramatta, cha tuisheni vile vile, na mwenyewe ni mama wa Kikorea aliyekulia hapa hapa Sydney, Kiingereza chake cha Kiaustralia tupu. Nilimwona mara moja. Alikuja na boksi la keki za mchele za sikukuu yao, akatugawia hadi sisi ambao hatumhusu, akaniambia Mwalimu ni hazina. Mimi nikafurahi. Kugeuka, namwona Mwalimu amesimama na kipande cha keki mkononi, hakili.

"Umesikia alivyonisifu?" akaniuliza mama wa watu alipoondoka.

"Nimesikia. Amekusifu. Sema alhamdulillahi."

"Nimebakiza muda gani kutimiza mwaka?"

Nikamwambia wewe una ugonjwa. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa mdomo wangu huu, na nilidhani ni utani.

Ajira yake pale ilikuwa ya kibarua, ya saa. Walimu wengine wa aina yake walikuwa wawili, kijana mmoja wa Ireland aliyependa mpira na mama wa Kifilipino mwenye watoto. Aliwataja sana na kwa mapenzi. Yule kijana alimfundisha kuweka mambo ya Zoom, yule mama alikuwa akimletea tambi. Wote watatu walianza karibu pamoja. Na sheria ya hapa, mwaka ule, ilikuwa imebadilika: kibarua akitimiza mwaka kwa saa zinazoeleweka, mwajiri sharti ampe nafasi ya kudumu akitaka. Na mtu wa kudumu aliyepita mwaka, ukimwondoa kwa sababu kazi imepungua, kiinua mgongo kinakuhusu. Haya yote niliyajua kwa Mwalimu. Aliyajua kuliko sala yake.

Sasa mwaka ukawa unakaribia, na ndipo ikaja ile lokdauni kubwa iliyotubana sisi wa magharibi. Mnakumbuka? Kule Bondi, ufukweni kwa wenye pesa, watu wanaota jua, huku kwetu wanajeshi wanagonga milango na helikopta juu ya paa. Kutoka ni kwa kibali. Baba Zuhura alikuwa anakwenda ghalani kazini na kuchomekwa kijiti puani kila mara. Zuhura anasoma chumbani. Mwalimu anafundisha kwenye kompyuta kule nyuma, mlango wazi, na uani kote tunasikia, "Good! Again! Everybody!" Sauti ya furaha kabisa. Somo likiisha anatoka nje, uso umemwanguka, anafagia uani palipokwisha kufagiliwa.

Aliingia mwezi wa kumi na moja na tulijua sote nyumba nzima. Aliacha kula vizuri. Shati alipiga pasi kila asubuhi, na kwenye kompyuta anaonekana kola tu. Mkurugenzi akituma ujumbe wa kawaida, "tuongee ukipata nafasi", Mwalimu anakuja kunisomea, anisomee tena, aniulize, "Hapa aliposema 'ukipata nafasi', unaonaje?" Na kazi yenyewe si yangu. Nilimjibu kwa ukali mara nyingi, lakini ukweli nilikuwa naogopa naye. Mtu wa umri wake, hana nyumba, hana akiba ya maana, nje mji umefungwa. Akiachishwa tena nani atamchukua? Nilianza mimi mwenyewe kuwaza sauti ya yule mama Mkorea, alivyosema hazina, alivyolivuta lile neno.

Kituo kilikuwa kimepungukiwa. Wazazi wengi waliwatoa watoto, hawataki kulipia kompyuta. Lazima kitu kifanyike, kila mtu aliliona hilo. Siku mkurugenzi alipompigia hasa, ilikuwa mchana, mimi naanika nguo. Safari hii alifunga mlango. Walizungumza muda mrefu, nikaanika nguo zote, nikazianua moja moja nikazianika tena.

Akatoka. "Shemeji, wamenipa kazi ya kudumu. Nimekuwa msimamizi wa walimu."

Jamani, nilipiga vigelegele hadi Mama Kelia akaitikia ng'ambo ya uzio bila kujua vya nini. Nilipika biriani siku hiyo hiyo, tukampitishia Mama Kelia sahani yake juu ya uzio kwa sababu kutembeleana ilikuwa marufuku. Baba Zuhura machozi yalimlenga. Mwalimu alikula kidogo, akashukuru sana, akasema nisiwatangazie watu. Nikamuuliza, na wenzako wawili? Akasema, "Wameondoka. Mwaka mgumu." Nikasema maskini, Mungu atawafungulia, nikamwongezea mchuzi.

Mji ulipofunguliwa akahamia Parramatta, nyumba ya kupanga yenye roshani. Alinunua kitanda cha mbao! Alituita tukione, na mimi nikakaa juu yake nikakijaribu kama nanunua mimi. Akaacha kututembelea sana, kazi nyingi, lakini hakutusahau. Zuhura alipotafuta kazi ya kumsaidia akiwa chuoni, Mwalimu alimwingiza pale kituoni, kibarua, kufundisha watoto wadogo. Zuhura anaipenda ile kazi. Mwanangu huyu nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini akimwita Mwalimu ni "Mjomba", kwa Kiswahili safi, mbele ya watoto wa Kikorea, na wao wamemwiga, wote wanamwita Mjomba.

Nilikutana naye juzi juzi. Nilikuwa natoka kwa daktari wa macho Parramatta, namwona ameketi kwenye benchi karibu na kituo cha treni, suti, tai, kikombe cha kahawa hakijaguswa. Nikamwita kwa kelele za kwetu, watu wakageuka. Akasimama, akainama. Amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe. Nikakaa. Nikamwuliza vipi usingizi siku hizi, bosi mzima na kitanda cha mbao?

"Nalala," akasema. Halafu akasema, "Shemeji, yule mkurugenzi hakujua."

"Hakujua nini?"

"Habari ya mwaka. Ile siku ya simu. Yeye alitaka apunguze saa tu, kila mmoja wetu abaki na kidogo mpaka lokdauni ipite. Alianza kwa kunisifu. Akaniuliza hali ya mama yangu. Mimi nikasema basi, ni leo. Nikaona ananizunguka. Sikumngoja amalize, nikamwambia mimi."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba wale wawili hawajatimiza mwaka. Wakitimiza atalazimika kuwapa kazi ya kudumu, na akija kuwaachisha baadaye awalipe. Waache sasa, nikamwambia, ni halali, ubaki na mimi. Nilimpangia mpaka maneno ya kuwaambia." Akageuza kikombe. "Kisha akasema asante, sikujua hivyo. Sasa anajua."

Nilimwona akilini yule mama wa Kifilipino na tambi zake. Nilimkumbuka huyu alivyokuwa akicheka hadithi ya soksi. Nilitaka kumpiga kwa mkoba wangu, nikataka pia kumshika mkono, na vyote viwili sikufanya.

"Tangu hapo," akasema, "kila kibarua akikaribia mwaka, mkurugenzi ananiita. Na mimi nawaita wao, nawaambia kazi imekwisha. Nafanya vizuri sana kazi hiyo. Hakuna aliyewahi kulalamika."

Nilihesabu kichwani tangu Zuhura aanze, nikahesabu tena.

"Mwalimu. Mwanangu?"

"Jina lake limeletwa jana. Natakiwa kumwita wiki ijayo."

"Si ukatae! Wewe si ndiye msimamizi?"

"Nikikataa nitaitwa mimi."

"Na wewe una kazi ya kudumu, umepita mwaka, watakulipa!" Nilikuwa napiga kelele, najua.

"Najua, shemeji. Sheria naijua yote. Ninaogopa tu." Alilisema hivyo, waziwazi, mtu mzima na suti yake. Treni ya kwangu ikatangazwa, sikuinuka.

Baadaye akasema, bila kunitazama, "Akiitwa kwenye mazungumzo kama hayo anaweza kuomba aje na mtu wa kukaa naye. Wale wengine hawakujua, na mimi sikuwaambia. Mwambie aombe."

"Aje na nani?"

"Aje na wewe. Ukae mbele yangu, shemeji, kiti cha mbele kabisa. Nikikuona sitaweza kusema."

Nikamwambia nitakuja.